Vunjajungu anapojivua gamba: namna ya kumsaidia asikwame

Kwenye bustani za nyuma ya nyumba hapa Ngezi, fasi ya lengalenga, mahindi na maharagi, si vigumu kumkuta vunjajungu ametulia juu ya jani, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayeomba. Mtoto akimwona, anamtaka. Anamtia ndani ya chupa, anamtupia inzi, na siku za kwanza yote inaenda vizuri. Kisha siku moja yule mdudu anakataa chakula, na kesho yake anakutwa chini amekufa, nusu ndani ya ngozi ya zamani, nusu nje, miguu imepindika.

Watu wanasema: alikufa na njaa. Mara nyingi sivyo. Alikufa sababu alikuwa anajivua gamba, na ndani ya ile chupa hakukuwa na hewa yenye unyevu, hakukuwa na maji ya kunywa, wala fasi ya kushika na kuning'inia. Ni mambo matatu madogo yasiyoomba franga. Tumeandika ukurasa huu kwa wazazi, walimu na vijana wanaopenda kufuga mdudu huyu kwa muda, ili wajue la kufanya kabla ya ile saa kufika.

Vunjajungu ni nani?

Kwa Kifaransa cha shule anaitwa mante religieuse. Jina la Kiswahili limetoka kwenye imani ya zamani ya watu wa pwani: eti mtu akimgusa, chombo cha kwanza atakachoshika kitavunjika. Hakuna mtungi unaovunjika juu yake. Hana sumu, hana mwiba wa kuchoma nyuma. Ukimbana sana anaweza kukukamata kidole na miiba ya mikono yake, utasikia kama sindano ndogo, basi.

Duniani kuna aina zaidi ya 2,000 za vunjajungu. Ile mikubwa ya kijani ama ya kahawia tunayoizoea Afrika ni ya ukoo ambao wataalamu wanauita Sphodromantis. Akishakomaa, anafika sentimetre 6 mpaka 8 hivi. Ulaya na Marekani kuna watu wanaomfuga huyo huyo wa Afrika ndani ya nyumba zao, na uzoefu wao ndio umefundisha mengi kuhusu unyevu na maji. Sisi tuko naye hapa bure.

Anakula wadudu walio hai tu: inzi, panzi, mende wadogo, vipepeo, viwavi. Ndio maana mkulima akimwona kwenye bustani asimuue.

Kwa nini anajivua?

Mtu ana mifupa ndani, nyama iko nje. Vunjajungu ni kinyume: mfupa wake ni lile gamba la nje. Gamba hilo likishakauka halipanuki tena. Mdudu akila na kunenepa, anabanwa kama mtoto aliyevaa viatu vya mwaka jana. Hapo mwili wake unatengeneza gamba jipya, laini, chini ya lile la zamani. Kisha la zamani linapasuka mgongoni, na yeye anatoka.

Tangu kutoka kwenye yai mpaka kukomaa anajivua karibu mara 6 mpaka 9, kufuatana na aina yake. Jike mara nyingi anaongeza mara moja juu ya dume. Akiwa mdogo anaweza kujivua kila baada ya wiki mbili hivi. Kadiri anavyokua, muda kati ya mara moja na nyingine unakuwa mrefu. Baridi na njaa pia vinachelewesha.

Sasa, maji yanaingia wapi? Kati ya gamba la zamani na jipya mwili unatoa maji-maji fulani. Maji hayo yanalainisha na kuyeyusha upande wa ndani wa gamba la zamani, na yanakuwa kama mafuta ya kuteleza. Mdudu mwenye kiu hana maji ya kutosha ya kufanya kazi hiyo. Na hewa ikiwa kavu sana, gamba la zamani linakauka na kunata kwenye mwili kabla hajamaliza kutoka. Anakwama mguu mmoja, ama miwili, ama kichwa. Gamba jipya nalo linaanza kuwa gumu angali amefungwa. Hapo ndipo anapokufa ama anabaki kiwete.

Dalili kwamba saa imekaribia

Usingoje mpaka gamba lipasuke. Mara nyingi zinatangulia siku mbili tatu za ishara:

- Anakataa chakula. Hata anaweza kumkimbia inzi aliyekuwa anamkamata jana. Hana ugonjwa. Ngozi ya ndani ya koo lake nayo inabadilika, kwa hiyo hawezi kula.
- Tumbo lake limejaa, lakini yeye ni mzito, hatembei sana.
- Anapanda juu na kuning'inia kichwa chini, fasi moja, kwa saa nyingi.
- Rangi inafifia, kama imepakwa vumbi.
- Kwa yule anayekaribia kukomaa, vile vifuko vidogo vya mabawa mgongoni vinavimba.

Kabla ya kujivua kwa mwisho, kukataa chakula kunaweza kufika wiki moja ama zaidi. Usiogope, na usimlazimishe kula. Endelea na maji.

Nyumba yake iwe namna gani

Kosa la kwanza ni chupa ndogo. Akijivua, anashuka kutoka ndani ya gamba la zamani akiwa ananing'inia, na mwili mpya unaningʼinia chini ya lile gamba. Akigusa chini kabla hajamaliza, anapindika. Kanuni ni rahisi: urefu wa nyumba kwenda juu uwe angalau mara tatu ya urefu wa mdudu, na upana mara mbili. Mdudu wa sentimetre 6 anaomba sentimetre 18 kwenda juu, na ukiweza kumpa 25 ni vizuri zaidi.

Bido ya plastiki ya litre 5 inafaa. Kata sehemu ya juu, funika mdomo na kitambaa chepesi chenye matundu madogo, kaza na kamba ya mpira wa baiskeli. Kitambaa hicho kina kazi mbili: kinapitisha hewa, na ndicho dari atakaloshika kwa kucha zake. Plastiki na kioo vinateleza. Mdudu anayening'inia juu ya kifuniko laini cha bokali anaweza kuanguka katikati ya kujivua, na akianguka saa hiyo ni bahati kama atapona.

Ndani weka kijiti kimoja ama viwili vyenye maganda, vikiwa vimeegemea mpaka juu. Usijaze. Chini ya fasi anayopenda kuning'inia kuwe wazi, bila kijiti cha kumgonga. Kila mdudu akae peke yake, juu vunjajungu wanakulana, na anayejivua hawezi kujitetea.

Kupima unyevu bila mashini

Wafugaji wa Ulaya wana kipimo kidogo kinachoonyesha unyevu wa hewa. Kwa vunjajungu wakubwa wa Afrika wanatafuta kama asilimia 50 mpaka 70. Sisi tusio na kipimo tunaweza kutumia macho.

Nyunyiza maji kidogo kwenye ukuta mmoja wa bido, kisha angalia saa. Matone yakikauka kabla ya nusu saa, hewa ni kavu: nyunyiza mara mbili kwa siku, ama punguza sehemu iliyo wazi. Yakikauka baada ya saa chache, ni sawa. Yakibaki tangu asubuhi mpaka kesho yake, ukuta umejaa ukungu na ndani kunanuka, maji yamezidi: fungua hewa na usinyunyize siku hiyo. Kuoza na kuvu vinaua sawasawa na ukavu.

Chini ya bido tandika udongo safi ama mchanga, kidole kimoja kwenda chini, na uuache uwe na umajimaji kama udongo wa kupandia mbegu. Unashika unyevu na kuutoa kidogo kidogo. Badilisha ukianza kutoa harufu.

Hapa Bunia tuko juu ya metre 1,200 kutoka usawa wa bahari. Miezi ya mvua hewa yenyewe inasaidia, na kunyunyiza mara moja kwa siku mara nyingi kunatosha. Kazi iko kwenye kiangazi, kuanzia Disemba mpaka Februari, jua linapokausha kila kitu. Wakati huo angalia bido asubuhi na jioni, na ukiona zile dalili, weka kitambaa chenye maji pembeni ya bido, nje, ili hewa inayoingia isiwe kavu kabisa.

Joto nalo ni muhimu. Aina nyingi za hapa Afrika zinapenda kati ya digri 24 na 30 mchana. Usiku ukiwa na baridi, usiweke bido chini kwenye simenti. Iweke juu ya meza ama kabati. Lakini usiiweke karibu na mbabula ya makala: moto unakausha hewa, na moshi unamdhuru. Chini kabisa ya mabati yasiyo na plafoni si fasi nzuri saa sita mchana. Dirishani kwenye jua moja kwa moja pia hapana, sababu ndani ya bido joto linapanda haraka kuliko unavyofikiri.

Maji ya kunywa

Vunjajungu hanywi kwenye sahani. Ananywa matone yaliyo kwenye majani na ukuta. Pia anapata maji ndani ya wadudu anaowala. Kwa hiyo kunyunyiza kunafanya kazi mbili, unyevu na kinywaji. Kama huna pompe ya kunyunyiza, chukua chupa ndogo safi, toboa kifuniko na sindano iliyopashwa moto, kamua. Ama chovya vidole ndani ya maji na urushe matone madogo. Nyunyiza ukuta na majani, usimlenge yeye usoni.

Tumia maji ya mvua, ama maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji yaliyotiwa klori yaache wazi siku moja kwanza.

Ukiona tumbo limesinyaa kama karatasi iliyokunjwa na mdudu anatembea kwa uzito, ana kiu. Weka tone moja kwenye ncha ya kijiti, lipeleke taratibu karibu na mdomo. Mara nyingi atainama na kunywa mwenyewe. Tone liwe mdomoni, si mwili mzima kuloa.

Saa yenyewe

Gamba linapasuka nyuma ya kichwa, mgongoni. Anatoka kichwa na kifua kwanza, kisha anavuta miguu mmoja mmoja kutoka ndani ya gamba kama mtu anayevua soksi ndefu. Anabaki ananing'inia kwa ncha ya tumbo, laini kabisa. Baada ya kupumzika, anajipinda kwenda juu, anashika gamba la zamani ama dari, na kumalizia. Kazi hii kwa kawaida inachukua kama nusu saa hivi. Mdogo anaweza kumaliza haraka, mkubwa anachelewa.

Wakati huo wewe una kazi moja: usimguse. Usitikise bido, usifungue kifuniko, usinyunyize maji, watoto wasigonge ukuta. Kama ndani kuna panzi ama nyenje aliye hai, alipaswa kutolewa tangu dalili ya kwanza. Nyenje anaweza kumtafuna vunjajungu anayejivua, na yeye hawezi hata kunyanyua mkono.

Akimaliza, mwache atulie. Mwili unaomba muda kuwa mgumu. Mdogo mpe chakula baada ya siku moja. Aliyekomaa ngojea siku mbili ama tatu. Maji anaweza kupata baada ya saa chache, matone mbali kidogo naye.

Chukua lile gamba tupu, liangalie. Utaona mpaka umbo la macho, na ndani nyuzi nyeupe nyembamba. Hizo ni ngozi za mirija yake ya kupumulia. Hata hizo alizitoa.

Kujivua kwa mwisho

Mara ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa, sababu mdudu ni mzito na sasa mabawa yanatoka. Kwanza yanaonekana kama vitambaa vilivyokunjwa. Damu ya mdudu inayasukuma mpaka yananyooka, kisha yanakauka. Akikosa nafasi ama mtu akimsumbua, mabawa yatabaki yamejikunja. Huyo hatafi juu ya hilo, atakula na kuishi, lakini kuruka hapana. Baada ya kupata mabawa hajivui tena, na aliyekomaa anaishi miezi michache tu.

Mambo yakienda vibaya

Akianguka angali laini: pitisha karatasi ama kijiti chenye maganda chini yake, mnyanyue taratibu mpaka ashike, aning'inie tena. Usimshike na vidole.

Gamba likinata kwenye mguu: ongeza unyevu ndani ya bido na ungoje. Baada ya saa kadhaa, akishakuwa mgumu kidogo, unaweza kulowesha ile sehemu na brashi laini yenye maji ya vuguvugu. Usivute. Ukivuta, utang'oa mguu.

Mguu ukikatika ama kupindika: kama bado ni mdogo, mguu wa kutembelea unaweza kuota tena kidogo kidogo kwenye kujivua kunakofuata, na uliopindika unaweza kunyooka. Kama mikono ya kukamatia imeharibika, mlishe kwa mkono: mpasue inzi, peleka nyama yake mdomoni na kijiti.

Hatari kubwa ni dawa za wadudu

Hapa kuna jambo linaloua vunjajungu wengi bila mtu kujua. Vyandarua, ama mustikere, vinavyogawiwa bure kwa kupigana na malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo inabaki hata ukifua mara nyingi. Ukikata kipande ufunike bido, umemweka mdudu wako chini ya sumu: ataigusa kwa miguu siku nzima. Tena, ile chandarua ni ya kumlinda mtoto usiku na mbu. Isikatwe. Tumia kitambaa cha rido ya zamani, ama mfuko wa wavu wa vitunguu kama mdudu ni mkubwa asipite kwenye matundu.

Vilevile, pompe iliyobeba dawa ya shamba isitumike kamwe kunyunyizia maji, hata ukiiosha. Usipulize dawa ya mbu ama kuwasha koili kwenye chumba alipo. Na panzi waliokamatwa kwenye shamba la choux ama nyanya lililopigwa dawa wasiwe chakula chake.

Kwa walimu na wazazi

Shule nyingi kwetu zinafundisha ukuaji wa wadudu kwenye ubao tu, bila maabara. Bido moja, kitambaa kimoja na vunjajungu mmoja vinatosha kuonyesha darasa zima. Wanafunzi waandike tarehe ya kila kujivua, wapime urefu, wabandike gamba la zamani kwenye karatasi. Watajifunza pia jambo jingine: kwamba kiumbe anayekataa chakula si lazima asukumwe, na kwamba kuna wakati msaada mzuri ni kutayarisha fasi na kukaa mbali.

Ukikuta kibumba cha mayai kimebandikwa kwenye kijiti, kikavu kama povu lililogandamana, kiache bustanini. Humo wanaweza kutoka vitoto makumi kwa makumi, na nyumbani hutaweza kuwalisha wote.

Siku ya kumwachilia ikifika, mrudishe fasi ulipomtoa, jioni ama asubuhi na mapema, juu ya mmea ambao haujapigwa dawa. Usimwachilie siku aliyojivua. Ngojea mpaka umemwona amekamata na kula inzi wake mwenyewe. Hapo ujue gamba limekuwa gumu, na anaweza kujitafutia.